Bakuli la kioo la oveni, limenifaa ila zito balaa

Nimelitumia mara nne sasa, zote viazi na nyama ya kusaga, na kusema ukweli viazi vya chini havigandi kabisa ukipaka mafuta kwanza, halafu pale pembeni chizi inakauka inakuwa kahawia hivi, watoto wanagombania hapo hapo. Naoka digrii 180 kama lisaa limoja, dakika 40 za mwanzo nafunika na foili, na kateni viazi vyembamba jamani la sivyo katikati vinabaki vigumu. Ubaya wake uzito, likijaa ni mikono miwili. Mfuniko wa plastiki ni wa friji tu. Na usilitoe kwenye friji ukalitia oveni ya moto, kioo kinaweza kupasuka.