Vifaa vya Kuchuja Maji katika Tangi Jipya la Matumbawe: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayeanzisha tangi la maji chumvi la lita 200 hadi 300 kwa ajili ya matumbawe huonyeshwa vichujio vya kila aina, na bei haimwelezi kipi kina kazi kubwa zaidi. Mpangilio huu unatokana na swali moja tu: kifaa kitalisaidiaje tangi katika miezi sita ya mwanzo, wakati bakteria wake bado hawajaimarika?

Nafasi ya kwanza ni ya mwamba, ingawa wauzaji wengi hawauhesabu miongoni mwa vichujio. Ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaogeuza amonia, itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti na hatimaye nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kadirio la zamani ni kilo moja kwa kila lita 10, lakini mwamba mwepesi wenye matundu mengi hutosha hata ukiwa pungufu ya hapo. Ninapendekeza mwamba mkavu. Uliovunjwa baharini usinunuliwe hata ukiwa rahisi, kwa sababu ni makazi ya viumbe yaliyobomolewa. Isitoshe, matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Mwamba mkavu hudai subira ya wiki kadhaa. Tia amonia hadi ifike miligramu 2 kwa lita. Siku ambayo amonia na nitriti zote zitasoma sifuri baada ya saa 24, tangi liko tayari kupokea samaki wa kwanza.

Nafasi ya pili nimeupa mtambo wa kusafisha maji kwa osmosisi rejea, yaani kuyasukuma kupitia utando unaozuia chumvi na uchafu, wenye hatua ya mwisho ya kuondoa ioni. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki tangini na kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi peke yake. Hivyo fosfeti, nitrati au shaba iliyomo katika maji ya bomba hujilimbikiza kila siku, na shaba, hata kidogo, huua matumbawe na kamba. Kwa wakazi wa miji ya pwani wanaotegemea visima, ambavyo mara nyingi vina maji ya chumvichumvi, mtambo huu si wa hiari.

Baada ya hapo inakuja skima ya protini, na hapa ndipo fedha nyingi zinapostahili kwenda. Skima huingiza viputo vidogo sana vya hewa katika safu ya maji. Mabaki ya protini hunata kwenye viputo, hupanda pamoja na povu na kumwagika katika kikombe kabla hayajaoza na kuzaa amonia. Wakati huohuo huyaongezea maji oksijeni. Ujazo unaoandikwa kwenye boksi huwa ni kwa tangi lenye samaki wachache, kwa hiyo mwenye lita 250 achague skima iliyokadiriwa lita 400 hivi. Kabla ya kulipa, soma kina cha maji ambacho skima inahitaji, kisha pima chumba chake ndani ya sampu, yaani tangi dogo la chini. Kina kikipandashuka, povu nalo huvurugika. Sampu yenyewe ibakiwe na nafasi ya kupokea maji yote yatakayoteremka umeme ukikatika, na jaribio hilo lifanywe kwa kuzima pampu kabla samaki hajaingia. Skima mpya huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kutoa povu zito, na hilo si kasoro ya kifaa.

Soksi ya kuchujia ya mikroni 200 na makaa amilishi ni vitu vya bei ndogo vinavyofuata. Makaa huondoa rangi ya njano na harufu. Soksi hunasa uchafu unaoonekana, ila ni lazima ioshwe kila baada ya siku tatu au nne, la sivyo uchafu huo utaozea humohumo.

Chumba cha mwani, unaooteshwa ili ufyonze nitrati na fosfeti, na dawa ya kuondoa fosfeti vinaweza kusubiri. Tangi changa halina virutubisho vya kutosha kuulisha mwani, na fosfeti ikishushwa hadi sifuri, matumbawe hukosa lishe.

Kichujio cha mkebe, yaani chombo kilichofungwa ambamo pampu hupitisha maji, nakiweka mwisho. Kinafaa katika matangi ya maji yasiyo na chumvi, lakini hapa huwa ghala la uchafu lisipofunguliwa mara kwa mara, na umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliofungiwa ndani hukosa oksijeni na kufa. Pampu ikirudi kuwaka, maji hayo mabovu hurejea kwa samaki. Palipo na umeme usiotabirika, fedha ya mkebe inunue betri ya akiba ya kuendeshea pampu ya mzunguko, kwa kuwa maji yanayotembea huwapa oksijeni samaki pamoja na bakteria waliomo mwambani.