Mipira ya tenisi ya nyanda za juu: kopo la kubeba unapopanda Nairobi kucheza mechi

Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayepanda Nairobi kucheza mechi ya ushindani na mwenyeji wa huko hukagua kila kitu kabla ya safari: raketi, nyuzi, viatu, taulo. Mipira hununua yoyote, mradi kopo lina jina analolifahamu. Hapo ndipo mechi inapoharibika. Gemu mbili hazijaisha, fohendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) aliyoitegemea miaka yote inatua hatua nzima nje ya mstari wa nyuma, sevu yake ya pili (pigo la kuanzisha pointi akikosa la kwanza) inapanda ovyo, naye anaanza kuusukuma mpira badala ya kuupiga. Mwenyeji amezoea hali hiyo, kwa hiyo anashinda bila hata kucheza tenisi yake bora.

Tathmini hii inahusu mipira iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya miinuko. Wilson huiuza kwa jina la US Open, na Penn kwa jina la Championship. Majina hayohayo yapo pia kwenye makopo ya kawaida, hivyo maneno ya kutafuta kwenye kopo ni High Altitude. Hukumu yetu tuiseme mapema: kwa mechi yoyote ambayo matokeo yake yanahesabiwa, ukiwa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Iringa, Mbeya au Kigali, hii ndiyo mipira ya kununua, hata ikibidi kuiagiza mapema. Pwani usiinunue kabisa.

Sababu yake ni upepo uliomo ndani ya mpira. Mpira wa kawaida hujazwa upepo unaozidi hewa ya nje kwa takriban paundi 12 kwa kila inchi ya mraba, na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Upepo wa ndani haujaongezeka, ila hewa ya nje imepungua nguvu ya kuubana, kwa hiyo tofauti inapanda hadi paundi 14 na zaidi. Mpira unakuwa mgumu na unaruka juu kupita kiasi. Juu ya hayo, hewa nyepesi haiukwamishi ukiwa angani, na mzunguko unaoupa kwa raketi hauuvuti chini kama ulivyozoea. Matatizo mawili kwa mpigo mmoja. Mipira ya nyanda za juu hujazwa upepo mdogo zaidi, kwa hiyo inalimaliza lile la kwanza. La pili linabaki kwako mwenyewe, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujatoa pesa.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka mpaka wa mita 1,219. Juu ya hapo ndipo mipira hii inaruhusiwa kutumika. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, imo ndani. Moshi, jirani yake wa karibu, haimo. Kampala iko ukingoni kabisa, na mpira wa kawaida uliochezewa saa moja hivi huko unatosha vizuri. Kipimo chenyewe ni hiki: mpira unadondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu. Wa kawaida unatakiwa kurudi juu kati ya sentimita 135 na 147, na wa nyanda za juu kati ya 122 na 135, vyote vikipimwa katika hewa ya usawa wa bahari. Uzito na ukubwa havitofautiani, gramu 56.0 hadi 59.4 na kipenyo cha sentimita 6.54 hadi 6.86, kwa hiyo kwa macho au kwa mizani hutaitambua.

Kiwanjani unaweza kuipima kwa dakika mbili. Chukua nguzo ya wavu, ambayo ina kimo cha sentimita 107, ubandike vipande vitatu vya utepe: kimoja kwenye sentimita 91, kingine 53, cha chini 48. Shikilia mpira kandokando ya nguzo, sehemu yake ya chini ikiwa sawa na utepe wa juu, uuachie bila kuusukuma. Mtu wa pili achuchumae macho yake yawe usawa wa tepe za chini. Kwenye saruji ya Nairobi, mpira wa nyanda za juu ulio mzima utarudi kati ya tepe hizo mbili. Wa kawaida uliotoka kwenye kopo sasa hivi utaupita ule wa 53. Usiofika 48 umechoka. Uwekee kapu la mazoezi. Usifanye jaribio hili kwenye uwanja wa udongo, kwa sababu udongo unakula mruko na utaulaumu mpira bure.

Katika mchezo wenyewe, mipira hii inakurudishia mambo mawili ambayo mwinuko unayanyang'anya. Kwanza ni kimo cha mruko: mpira wenye mzunguko wa juu, yaani uliopigwa uzunguke kwenda mbele, unakukuta kiunoni au kifuani. Pili ni hisia mkononi, kwa kuwa mpira unakaa kwenye nyuzi kidogo zaidi kabla ya kuondoka, na voli laini (kuupiga mpira kabla haujadunda) karibu na wavu inawezekana tena. Slaisi, pigo la kuukata mpira uzunguke kinyumenyume, inabaki chini. Lakini mpira mrefu wa juujuu, ule wa kumvukia mpinzani aliyekaribia wavu, bado unakwenda mbali kuliko pwani. Ulenge utue mita moja ndani zaidi ya ulivyozoea.

Udhaifu upo. Asubuhi za baridi za Juni na Julai mpira unazubaa. Ukianza mechi saa moja asubuhi, gemu tatu za mwanzo zitakuwa nzito hadi mpira upate joto. Yaweke makopo ndani ya nyumba usiku, usiyaache garini. Kasoro nyingine ni upatikanaji. Duka linaloweka mipira ya kawaida mwaka mzima huenda lisiwe na hata kopo moja la High Altitude, na hapo ndipo muuzaji anapokwambia kwamba yote ni sawa. Si sawa.

Dukani, libane kopo kwa vidole ubavuni. Linatakiwa kuwa gumu kama chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Likibonyea kirahisi, upepo wa kopo umevuja, na ukiisha humo ule wa ndani ya mipira nao hutoka polepole kupitia raba. Makopo ya plastiki yaliyokaa rafu miaka kadhaa hupatwa na hilo hata kama mfuniko haujaguswa. Unapolifungua, usikilize ule mlio wa upepo unaochomoka. Kopo lisilotoa sauti lirudishe. Angalia pia kama mpira una kitone cha kijani. Huo ni wa hatua ya wanaojifunza, unakwenda polepole kwa kama asilimia 25, na ingawa Nairobi unaweza kukuvutia kwa utulivu wake, mechi ya ushindani haichezwi nao. Namba iliyoandikwa kwenye mpira haihusiani na ubora. Ni ya kukusaidia kutambua mipira yako inapochanganyikana na ya uwanja wa jirani, kwa hiyo wewe na mpinzani msilete makopo yenye namba moja.

Manyoya ya mpira, yaani kitambaa chake cha nje, nayo yana aina mbili. Kwenye kopo huandikwa Extra Duty au Regular Duty. Ya kwanza ni mazito na yanastahimili saruji. Ya pili yamebana zaidi na hayazoi vumbi haraka. Ukialikwa kwenye uwanja wa udongo mwekundu na kopo la nyanda za juu ulilonalo ni la manyoya mazito, jua kwamba kufika mwisho wa seti ya kwanza mipira itakuwa imevimba na kuwa mizito. Hapo ningechagua kulifungua kopo la pili mapema badala ya kubadili aina ya mpira.

Vipi mipira isiyotegemea upepo, mfano Tretorn Micro X? Hii tunaipa nafasi ya pili, na kwa heshima. Mruko wake hautokani na upepo uliobanwa, kwa hiyo haupotei kopo likifunguliwa. Manyoya ndiyo yanayokwisha. Kanuni za shirikisho zinaukubali mwinukoni mpira usio na presha ya ziada ndani, sharti uwe umekaa kwenye mwinuko wa mashindano kwa siku 60 au zaidi. Kwa mashine ya kurushia mipira na kapu la mazoezi haina mfano. Ila mkononi ni mizito, hasa ukiwa umefunga nyuzi za poliesta, na mwenye kiwiko kinachouma atailipia kesho yake. Tena ikichakaa manyoya inakuwa nyepesi na ya kasi, ikabadilisha mchezo katikati ya msimu. Isitumike kwenye mechi bila wote wawili kukubaliana.

Siku ya mechi, kila mchezaji alete kopo moja lililofungwa, na aina ya mpira ikubaliwe siku moja kabla, kwa ujumbe, si kiwanjani. Fungueni moja, mpime mipira yote mitatu. Muda wa kupasha mwili joto kimashindano ni dakika 5; mgeni wa kutoka pwani aombe 10, na mwenyeji muungwana hatamkatalia. Tumia nusu ya muda huo kwa sevu ya pili na mapokezi yake, kwani hapo ndipo mwinuko unapouma zaidi. Wachezaji wa kulipwa hubadilishiwa mipira baada ya gemu 7 za kwanza, kisha kila baada ya 9. Kwa wachezaji wa ridhaa, kopo moja linabeba seti mbili kwenye saruji bila shida. Seti ya tatu ikiwa kamili, fungueni la pili. Ikiwa ni taibreki ya pointi 10, yaani gemu moja ya kuamua badala ya seti nzima, malizieni na mipira iliyopo, na kopo ambalo halikufunguliwa aondoke nalo mshindi.

Ukitumia mipira ya kawaida huko juu, nyuzi nazo zikazwe kilo 1 hadi 2 zaidi ya unavyocheza pwani. Kwa mipira ya nyanda za juu kilo 1 inatosha. Ukizidisha, raketi inakuwa ubao na faida yote ya mpira huu inapotea.

Jambo moja la kanuni huzusha ugomvi mara nyingi. Mpira ukipasuka katikati ya pointi, pointi inarudiwa. Mpira ukilainika tu, pointi inabaki ilivyokwisha, na mpira unaondolewa kabla ya sevu inayofuata. Aliyeshindwa pointi hawezi kuubonyeza kwa kidole gumba kisha akadai irudiwe.

Ukimaliza, usirudi na mipira hiyo Dar es Salaam au Mombasa. Kule chini itarudi juu sentimita 122 hadi 135 kwenye kipimo, na utakuwa unaipiga ukiwa umepiga magoti. Mwachie mwenyeji, kwake bado ina wiki mbili nzuri za mazoezi.