Uzoefu wangu na Semantic MediaWiki kwenye wiki ya mchezo

Ninahariri wiki (tovuti inayoandikwa na watumiaji wake) ya mchezo wa video wenye silaha, dawa na maadui mamia kwa mamia. Zamani kila toleo jipya la mchezo lilitutesa. Upanga mmoja ukipunguzwa nguvu, ilibidi turekebishe namba kwenye ukurasa wake, kwenye orodha ya panga zote, na tena kwenye ukurasa wa adui anayeudondosha akishindwa. Mahali pamoja pakisahaulika, msomaji anakuta namba mbili zinazopingana, wala hana njia ya kujua aamini ipi. Hilo lilikuwa likiniuma, kwa sababu mtu huja kwenye wiki akiwa katikati ya mchezo na anahitaji jibu papo hapo.

Semantic MediaWiki ni nyongeza ya MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, na imekuwapo tangu 2005. Badala ya kuandika 12 peke yake, unaandika [[Uzito::12]], na wiki inatambua kuwa ukurasa huu una sifa iitwayo Uzito, na thamani yake ni 12. Wahariri wetu hata hawayagusi mabano hayo. Tuliyaficha ndani ya kigezo (kiolezo kinachotumiwa na kurasa nyingi) cha kisanduku cha taarifa, wao wanajaza nafasi zilizo wazi tu. Kisha kwenye ukurasa wa orodha unaweka ulizo moja la #ask: nipe kurasa zote za jamii ya Silaha zenye Kiwango cha 30 na kuendelea, zipangwe kwa Uzito. Jedwali linajitokeza lenyewe. (Angalia hapa: kwa mpangilio wa kawaida alama ya > huihesabu na hiyo 30. Ukitaka zilizozidi tu, andika >>.)

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutotangaza aina za sifa. Sifa usiyoitangazia aina huchukuliwa kuwa jina la ukurasa, kwa hiyo uzito wetu wote uligeuka viungo vyekundu, yaani vya kurasa zisizokuwapo, na ukipanga, 100 inakuja kabla ya 9 kwa kuwa inasomwa kama maneno. Dawa yake ni kufungua ukurasa wa sifa yenyewe na kuandika kuwa ni namba. Kazi ya dakika moja kwa kila sifa, lakini ifanyeni kabla ya kuanza kujaza kurasa.

Mapishi ya dawa ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Mwanzoni tulikuwa na sifa mbili, Kiungo na Idadi. Dawa inayohitaji mizizi 3, majani 2 na maji 2 ilihifadhiwa hivi: viungo vitatu upande mmoja, na upande wa pili namba 3 na 2. Ile 2 ya pili ilipotea, maana thamani ikirudiwa huhesabiwa mara moja. Na hata zile zilizobaki, hakuna kinachosema 3 ni ya mizizi na si ya maji. Nilipoteza wikendi nzima nikidhani ulizo langu ndilo bovu, kumbe data yenyewe ilikuwa imevunjika tangu inahifadhiwa. Jibu ni #subobject: kila kiungo kinawekwa kwenye kifurushi chake ndani ya ukurasa, jina na idadi yake pamoja. Kama mchezo wenu una mapishi, zawadi za maadui au bei za maduka, anzeni na hiyo tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo la kuzoea pia. Ukibadilisha kigezo kinachotumiwa na kurasa nyingi, data haibadiliki yote papo hapo. Kazi inapangwa foleni na seva inaifanya kidogo kidogo. Wahariri wapya hudhani wameharibu kitu, hivyo tuliandika maelezo juu ya kigezo.

Cargo, nyongeza nyingine ya MediaWiki, nayo niliiangalia. Inahifadhi data kwenye majedwali unayoyatangaza mapema, na aliyezoea hifadhidata za kawaida huenda akaielewa haraka zaidi. Sisi tulibaki na Semantic MediaWiki kwa sababu mhariri anaweza kuongeza sifa mpya bila kuunda upya jedwali zima, na mchezo wetu huongezewa mambo kila mara.

Leo ukifungua ukurasa wa mzizi unaona kila dawa inayoutumia, na idadi yake. Orodha hiyo hakuna aliyeiandika. Mwezi huu tunahamishia kurasa za maadui kwenye mpangilio huohuo, tukianza na wale wanaodondosha vitu vingi.