Uzoefu wangu na stika za marble za kubandika: kwenye kabati zimenoga, ukutani ni mtihani

Nianze na jibu kabisa kwa wale wavivu wa kusoma kama mimi. Zile stika za marble za kubandika, zinazouzwa kwa roli Kariakoo na kwenye maduka ya insta, ni nzuri sana kwenye kabati, meza, vigae na hata mlango wa friji iliyochoka, ila ukutani kwa nyumba zetu hizi za Dar ni bahati nasibu. Mimi nimezitumia jikoni, stoo na sebuleni, nyumba ya kupanga Kigamboni, kwa hiyo naongea nikiwa nimeshaona masika yamezifanya nini.

Jikoni ndiko kulikonisukuma. Kabati zilikuwa za chipboard za miaka mingi, rangi ya kahawia imepauka, kwenye vishikio pamechakaa hadi unga wa mbao unaonekana, na mlango wa chini ya sinki umevimba kwa maji. Fundi nilimuuliza kubadilisha milango yote akasema laki nne na nusu bila kona wala aibu, nyumba yenyewe sio yangu. Roli nimenunua elfu kumi na nane moja, nikatumia nne, sabini na mbili elfu jiko zima limebadilika. Hapo sina cha kubishana.

Sasa kwenye kununua kuwa makini na saizi, maana muuzaji anakwambia tu "roli" kumbe zipo za upana wa sentimita 45 urefu mita 10, na zipo za sentimita 60 urefu mita 5. Ukipiga hesabu ya 45 unaona ndio kubwa, mita za mraba nne na nusu dhidi ya tatu, na bei zinakaribiana. Lakini milango mingi ya kabati upana wake ni arobaini na kitu, na stika lazima izunguke ukingo mpaka ikamate nyuma kidogo, ukiishia usoni tu zile kingo zinaanza kunyanyuka mapema sana. Kwa hiyo kwa milango chukua ya 60, ile ya 45 ipeleke kwenye droo na ndani ya rafu. Na kabla hujalipa muombe akukunjulie kidogo, uwashe tochi ya simu kwa nyuma, ukiona mwanga unapita kirahisi hiyo ni nyepesi, ukiibandika juu ya kabati jeusi madoa yote yatachungulia na marble yako itaonekana ya kijivu.

Kazi yenyewe sio ngumu ila inataka uvumilivu kwenye usafi, na hapa ndipo naona watu wanalaumu stika bure. Kabati za jikoni zina mafuta ya kukaangia yaliyoganda, huyaoni kwa macho lakini pitisha kidole utaisikia ile nata. Niliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikaacha ikauke kabisa, nikapiga msasa mwepesi sehemu zilizokwaruzika, halafu kitambaa chenye spiriti ndio cha mwisho. Milango nilifungua skrubu za bawaba nikailaza mezani, usijaribu kubandika mlango ukiwa unaning'inia, utalia. Karatasi ya nyuma ina mistari ya vipimo, unakata ukiwa umeacha ziada ya kukunja kila upande, kisha unabandua kama upana wa kiganja, unabandika, unasukuma kwa kadi ya benki ya zamani iliyofungwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, unabandua tena kidogo. Ukivuta karatasi yote kwa mara moja stika inajishika yenyewe kwa yenyewe na hapo umeshaila hasara.

Kwenye kona ndio siri ilipo. Ile ni PVC, yaani aina ya plastiki, ikipata joto inalainika na kuvutika, kwa hiyo unapuliza na draya ya nywele kidogo, unaivuta, unaikunja, unaibonyeza mpaka ipoe. Kona nilizopiga draya mpaka leo zimelala. Vipovu vya hewa vikibaki toboa na sindano uvikamue, havionekani tena. Na kama wewe ni mgeni wa hizi kazi chukua marble au mbao, usichukue zile za maua ya vipande vipande au pembe pembe, maana maungio lazima yakutane na utapoteza kipande kirefu kila ukikata.

Ule mlango uliovimba chini ya sinki stika peke yake haiusaidii. Nilisubiri ukauke, nikasugua uvimbe kwa msasa, nikapaka gundi ya mbao kwenye ukingo, ikakauka ndio nikabandika. Unakaa, lakini bonde unaliona ukiwasha taa.

Karibu na jiko la gesi mimi sikuweka kabisa. Yule dada wa dukani alisema inavumilia moto, lakini plastiki ni plastiki, joto linaikunja na kuigeuza rangi, na PVC ikiungua moshi wake ni mbaya, una gesi ya asidi inayowasha macho na kifua. Nyuma ya jiko nimebandika ile ya alumini inayong'aa, elfu nane, inafutika mafuta kwa kitambaa na roho inatulia.

Haya, tuje stoo. Stoo yangu ilikuwa kaburi jamani, TV ya chogo ya mpangaji aliyepita, feni mbovu, masufuria ya shughuli, mabaki ya simenti iliyoshakuwa jiwe. Vyuma nilimuita kijana wa chuma chakavu akabeba na akanilipa hela ya soda, sikatai. Ukuta ulikuwa mchafu na muuzaji alikuwa amenihakikishia "dada hii inashika popote, hata kwenye simenti", basi nikabandika upande mmoja, stika ile ile na mkono ule ule uliobandika kabati. Ilipendeza kweli. Masika yalipochanganya, chini ikaanza kujitenga kuanzia usawa wa goti, nilipoivuta nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi umeshikana na gundi na ukungu mweusi umechora ramani.

Kiukweli hilo sio kosa la gundi peke yake. Nyumba nyingi huku msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji, hivyo unyevu unapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi, ukifika usoni maji yanakauka hewani chumvi inabaki, na ile chumvi ikijikusanya ndio inasukuma rangi mpaka inapukutika. Sasa wewe ukienda kufunika na plastiki maji hayana pa kutokea, yanatulia hapo hapo nyuma, ukungu unapata nyumba. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia inashika popote muulize popote wapi.

Kipimo ninachowapa watu siku hizi ni hiki: pitisha kiganja ukutani, kikitoka na vumbi jeupe acha. Kisha bandika selotepu, ibonyeze vizuri, ivute kwa nguvu, ikija na rangi basi na stika nayo itakuja na rangi, tena siku ya kuhama mbele ya mwenye nyumba. Ukuta wenye rangi ya mafuta iliyokauka vizuri unashika, rangi ya maji ile ya bei chee haishiki.

Stoo niliishia kuikwangua chumvi kwa brashi kavu, sio kuosha, maana ukiosha unairudisha ndani. Nikapaka chokaa, basi. Hela iliyobaki nikanunua rafu ya chuma ya kufunga kwa skrubu, nimeiacha mbali kidogo na ukuta hewa ipite, unga na mchele vipo kwenye ndoo zenye mifuniko, masufuria ya shughuli juu kabisa. Hiyo rafu imenisaidia kuliko urembo wote.

Sebuleni nilibandika yale matofali ya foam meupe nyuma ya TV. Mama mwenye nyumba alikuja kufuata kodi, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu huku macho yake yakiwa ukutani, "haya matofali umejenga lini bila kuniambia?" Akasogea akabonyeza, kidole kikazama, akacheka mpaka akakaa. Kwa hiyo kwa macho yanadanganya vizuri, ila ukiwa na mtoto anayetambaa atayachimba kwa kucha, na mgongo wa kiti ukiyagusa bonde halirudi.

Maksi zangu: kabati 9 kwa 10, juu ya meza 8 kwa sababu kikombe cha moto kinaacha alama, foam 6, ukuta wa stoo 2, na hiyo 2 ni ya ile wiki ya kwanza ilivyokuwa inapendeza.

Siku ya kuhama usiivute kwa hasira. Pasha na draya, anzia kona, vuta taratibu ukiilaza karibu na uso wa mlango badala ya kuivuta kuja kwako, inatoka ndefu. Gundi itakayobaki pakaza mafuta ya kula, acha dakika kumi, sugua na kitambaa halafu osha na sabuni. Milango ya jiko nimeshajaribu mmoja, umetoka msafi, kahawia yake ile ile mbaya ya mwanzo ipo palepale mama mwenye nyumba asije akanikata kwenye dipoziti.