Fonti ya Big Shoulders Stencil kwenye mageti na mapipa: uzoefu wangu

Kazi yangu ni maandishi ya mapipa, mageti, makasha ya mizigo na vibao vya maghala. Mara nyingi tunakata kiolezo kwenye manila au filamu kuukuu ya eksirei, tunakibana kwa gundi ya karatasi, kisha tunapuliza rangi. Kwa kazi hii stensili, yaani herufi zenye mikato, si urembo. Ukikata A ya kawaida, kile kipande cha katikati kinadondoka, unabaki na pembetatu iliyoziba kwa rangi. Lazima pawe na vidaraja vya kukishikilia.

Na Kiswahili kwa A hakijambo! TAHADHARI peke yake ina herufi tano zenye tundu: A tatu, D na R. Kwa hiyo fonti mpya naipima kwa A kwanza. Q na S za kuringia baadaye. Kuna fonti moja ya bure, jina nalihifadhi, ambayo vidaraja vyake ni pambo tupu: mkato umepita juu ya herufi bila kulifikia tundu. Kwenye skrini safi kabisa, kwenye manila haina kazi.

Big Shoulders Stencil inalifikia tundu. Ni kazi ya Patric King, sehemu ya familia ya Big Shoulders iliyobuniwa kwa ajili ya jiji la Chicago. Herufi zake ni ndefu, zimebanwa, hazina vijiguu, vile vistari vidogo vya miishoni. Ule ubano ndio unaotufaa zaidi sisi wenye maneno marefu: HAIRUHUSIWI KUINGIA inakaa kwenye mlango wa geti kwa mistari miwili, na bado inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Unene wa herufi unaanzia namba 100, nyembamba kabisa, hadi 900, nene kabisa. Ukuta mkubwa naupa 900 bila kuwaza. Kiolezo kidogo nashuka hadi 700, kwa sababu herufi ikinenepa sana tundu la R linabaki ufa tu, na rangi ikipulizwa kwa karibu inaingia chini ya ukingo na kuliziba. Hapo kopo liwe mbali kidogo, upulize mara mbili nyepesi badala ya moja nzito.

Mteja akisema anataka "ile ya jeshi", simpi hii. Namwekea Stencil ya Gerry Powell, iliyotolewa na kampuni ya American Type Founders mwaka 1937: pana, nzito, yenye vijiguu, na haina herufi ndogo kabisa. Kwenye kasha la mbao haina mpinzani, ila neno refu linakula ubao wote. Big Shoulders ina herufi kubwa na ndogo, japo kwa kiolezo mimi natumia kubwa tu.

Bei ni bure, iko kwenye tovuti ya Google Fonts, na leseni yake ya wazi inaruhusu kazi za biashara na hata kuirekebisha. Kwa hiyo kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nageuza maandishi kuwa michoro na kupanua vidaraja pale manila inapokuwa laini.

Isitumike kwa aya, wala orodha ya vyakula. Kuna mteja aliitaka kwenye kadi ya harusi. Nilimshauri, akakataa, nikachapa. Hela ni hela.