Kafi la mbao za kubandika: wiki tatu ziwani Kigoma

Mwakeye ndugu watazamaji! Niko Katonga, saa moja asubuhi, ziwa limetulia tuli. Leo siichambui bodi, ule ubao wa kusimama juu yake majini, nachambua kafi. Hili hapa. Nasema kafi, si kasia, maana wavuvi wetu wanavitofautisha: kasia linapita kwenye kishwara ubavuni mwa chombo, kafi unalishika mwenyewe kwa mikono miwili. Bodi ya kusimama inataka kafi, tena refu. Mimi nina sentimita 172, hili lina 195.

Limetengenezwa na fundi wa pale Mwanga, hapa Kigoma, na nilikaa naye karakana siku zote nne. Hakuchonga ubao mmoja. Alipasua vipande vyembamba vya paini na mninga, akavipanga, akavibandika, ndipo akashika randa. Sababu yake nzuri sana. Ubao mmoja nyuzi zake zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo bapa, ile sehemu pana inayoingia majini, likigonga jiwe, ufa unafuata nyuzi mpaka shingoni. Tena ukilowa na kukauka, unajikunja. Ukivipanga vipande na kukigeuza kila cha pili, kimoja kikitaka kupinda huku, jirani yake anakivuta kule, na kafi linabaki limenyooka. Paini ni nyepesi, ndiyo imejaa katikati. Mninga ni mzito na mgumu, kauweka kingoni na ncha ya bapa, kule kunakogonga mawe.

Sasa gundi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka jana nilitengenezewa kafi kama hili na seremala mwingine, simtaji. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko hili. Kumbe alitumia gundi nyeupe ya kuungia makabati. Siku ya tano niko mbali na ufuko, nasikia mlio mdogo, tak, bapa likafunguka kwenye ungio kama kitabu. Na ziwa hili la Tanganyika si la kushuka ukasukuma bodi kwa miguu. Kina chake kinafika mita 1,470, duniani linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi tu. Nililala kifudifudi nikapiga maji kwa mikono mpaka nchi kavu. Niliogopa kwelikweli.

Huyu wa Mwanga katumia epoksi, ile ya kuchanganya vitu viwili. Kabla ya kupaka alikwaruza kila kipande kwa msasa mkali ili gundi ipate pa kung'ata. Klampu za kubania vipande alizikaza kiasi tu. Nikamuuliza mbona hakazi, akanijibu, "Mdogo wangu, ukikaza sana unaikamua gundi yote inamwagika chini, ndani panabaki pakavu."

Sogeeni hapa muone. Huu ndio mstari wa ungio, mwembamba kama uzi. Napitisha kucha... haikwami. Kucha ikikwama, au ukiona doa jeusi la maji limeingia, usitoe hela yako. Angalia na kichwa cha mpini, pale vipande vinapoonekana vyote kwa pamoja. Rangi na vanishi vinaficha mengi, lakini pale kichwani huoni uongo.

Majini je? Mzani wa duka umesema gramu 940. La alumini lililokuja na bodi yangu lina 1,050. Lakini uzito si kitu kikubwa kilichonifurahisha. Ukivuta kwa nguvu, mpini unakubali kidogo, halafu unarudi. La alumini halikubali, linarudisha kila kishindo begani, na mimi bega la kulia lilikuwa linaniuma kila jioni. Wiki tatu sasa haliniumi. Na asubuhi ya baridi, mbao haikuchomi kiganja.

Bapa limeinama mbele kama digrii 10. Lishikeni hivyo, mwinamo utazame mbele ya bodi. Wengi hapa ufukoni wanaligeuza kama mwiko wa kuchota, kumbe wanajichosha bure.

Kasoro zipo. Bapa lina upana wa sentimita 21, na kusi likianza kuvuma, hasa miezi hii ya Mei mpaka Septemba, linakuwa zito kulivuta. Mtu wa uzito wangu anatosheka na 19. Halikunjiki wala halifunguki vipande viwili, kwa hiyo kwenye bodaboda ni shughuli. Na vanishi imepakwa mpini mzima, mkono ukilowa unateleza. Vanishi ni lazima, jua linaiunguza epoksi ikiachwa wazi, lakini pale pa kushika mimi ningependa mbao yenye mafuta tu.

Nimelipa shilingi 85,000 na ningelipa tena. Jumamosi nalirudisha Mwanga, fundi ataukwangua mpini vanishi pale ninaposhika na kupunguza bapa sentimita moja kila upande. Nitawaonyesha likitoka.