Crosby, Stills, Nash na Young: ununue albamu ipi ukishachoka na bifu lao

Wengi wakianza kukusanya santuri za folk-rock wanaishia sehemu mbili tu, ile ya kwanza ya Crosby, Stills & Nash ya 1969, kwenye kava wamekaa kwenye kochi nje ya nyumba chakavu, na Déjà Vu ya 1970, Neil Young alipoongezeka bendi ikawa ya watu wanne. Hizo sina neno nazo, zimejaa kila mahali, kama huna chukua. Mwongozo huu ni wa hela inayofuata, maana vitu vitamu kweli wamevitoa wakiwa wametawanyika, wamenuniana, kila mtu na studio yake, na huko ndiko wanunuzi wengi hawafiki.

Tangu David Crosby afariki Januari 2023 mashabiki wanapiga hesabu upya, nani alimkosea nani. Mambo yenyewe yanajulikana. 1970 Stills na Nash walimgombania mwimbaji Rita Coolidge, bendi ikapasuka. 2014 Crosby akamsema vibaya hadharani mwigizaji Daryl Hannah, mpenzi wa Young wakati ule, akaja kuomba radhi lakini Young ndo basi tena. 2016 Nash naye akatangaza hataki kusikia habari za Crosby, na hao wawili ndio walikuwa chanda na pete miaka yote. Sasa ukisikiliza stori zinavyopigwa utaona kila mtu ameshapewa jina lake, Crosby mdomo, Stills majivuno na unga, Young kigeugeu, Nash mtoto mzuri, alafu kichekesho ni kwamba mpaka ununuzi unafuata humo humo. Santuri za Young za miaka ya sabini zinagombaniwa, za Stills zinakaa kwenye kreti zinakusanya vumbi. Kwa mnunuzi mwenye masikio hiyo ni sherehe.

Namba moja kwangu ni Manassas ya 1972, ya Stephen Stills. Najua wengine wangemweka Crosby hapa, subirini. Hii ni santuri mbili, pande nne, na kila upande una jina lake: The Raven, The Wilderness, Consider, na Rock & Roll Is Here to Stay. Upande wa kwanza ni rock iliyochanganywa na Kilatini, nyimbo zinashikana moja kwa moja hazipumui, na Joe Lala anapiga tumba kiasi kwamba mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi hahitaji kufundishwa chochote. Wa pili ni kantri, Al Perkins analiza lile gitaa la kulaza mpaka raha. Wa tatu unatulia. Wa nne ni rock nzito na bluzi, unafunga na Blues Man, Stills peke yake na gitaa, anawalilia Jimi Hendrix, Al Wilson na Duane Allman waliokuwa wameshatangulia wote.

Sasa sikiliza hapa. Sifa mbaya kubwa ya Stills ni kwamba anataka kushika kila kitu mwenyewe, na ni kweli, ile albamu ya 1969 alipiga besi, kinanda na gitaa la solo karibu zote mpaka wenzake wakambatiza Kapteni Mikono Mingi. Ila Manassas ni bendi ya watu saba na unawasikia wote saba. Yaani mtu anayesemwa hawezi kukaa na watu ndiye aliyetoa albamu yenye ushirikiano kuliko nyingi walizotoa wale wanne. Na msaidizi wake humo ni nani? Chris Hillman, yule yule ambaye 1967 yeye na Roger McGuinn walienda nyumbani kwa Crosby kumwambia hatakiwi tena kwenye The Byrds, bendi yao ya zamani. Dunia ndogo hiyo ya California.

Kununua: ya zamani haina shida kupatikana, ilifika namba 4 Marekani kwahiyo zilichapwa za kutosha. Kosa moja la kukwepa, kwakuwa ni santuri mbili wauzaji wengi wanapiga picha moja tu, ile safi. Omba picha za pande zote nne zikiwa zimeinamishwa kwenye mwanga, mikwaruzo inaonekana hapo. Kama huna pleya, CD moja inabeba kazi nzima na bei yake chee.

Namba mbili, If I Could Only Remember My Name, Crosby, 1971. Hii ndiyo iliyopanda hadhi kuliko zote. Ilipotoka wachambuzi kadhaa waliikejeli, eti mtu amelewa anaimba la la la, leo utakuta watu wasiompenda Crosby hata kidogo wanaiheshimu, na 2010 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliiweka ya pili kwenye orodha yao ya albamu kumi bora za pop, nyuma ya Revolver ya Beatles. Vatikani, na Crosby wa bangi na bastola! Ila ukijua ilivyozaliwa unaielewa. Septemba 1969 mpenzi wake Christine Hinton alifariki kwenye ajali ya gari, na jamaa akawa analala kwenye mashua yake na kwenda studio ya Wally Heider pale San Francisco kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kupeleka yale majonzi. Waliomzunguka ni Jerry Garcia na wenzake wa bendi ya Grateful Dead, watu wa bendi ya Jefferson Airplane, mwimbaji Joni Mitchell, na Nash na Young wako ndani humo humo. Wimbo wa mwisho hauna maneno kabisa, ni sauti yake mwenyewe imepangwa juu ya sauti yake.

Alafu kuna Cowboy Movie, dakika kama nane, hadithi ya majambazi wanne wa porini wanaovurugwa na msichana mmoja. Majambazi ni wao wenyewe wanne, msichana ni Rita Coolidge, na Neil Young na Nash wako ndani ya albamu hiyo hiyo inayosimulia ugomvi wao wenyewe! Hapo ndo nachoka na wanaotaka tuchague upande. Hawa watu walikuwa wanagombana jioni, asubuhi wanapigiana gitaa.

Hii usinunue iliyotumika sana hata kama bei inakuvuta. Muziki wake ni wa kimya kimya, sindano ikikwaruza tu unaisikia kuliko mwimbaji. Chukua chapa mpya, au ile CD mbili ya 2021 ya kutimiza miaka 50, diski ya pili ina majaribio na vipande vilivyobaki, sio takataka za kujazia.

Namba tatu Songs for Beginners ya Graham Nash, 1971 hiyo hiyo, mwaka uliofuata kuachana kwao ulikuwa mwaka wa neema kwa wanunuzi. Fupi, haichoshi, na kama unamnunulia mtu zawadi ambaye hajui lolote kuhusu hawa wazee basi ni hii hata kabla ya namba moja. Ametoka kuachana na Joni Mitchell na inasikika. Kibao kikubwa ni Chicago, kuhusu kesi ya wale wanaharakati waliofunguliwa mashtaka baada ya fujo za 1968, ambapo mmoja wa washtakiwa, Bobby Seale, alifungwa kamba na kuzibwa mdomo mahakamani. Wengi wanaimba tu kiitikio hawajui kwamba Nash anawabembeleza Stills na Young, waje Chicago kupiga kwenye harambee ya kuwasaidia washtakiwa. Na Young kwenye albamu hii anapiga piano, ila kajificha, ameandikwa Joe Yankee. Rita Coolidge naye yumo kwenye waitikiaji. Haya, chagua upande hapo.

Namba nne, Wind on the Water, Crosby na Nash wawili tu, 1975. Kama ulishawahi kusema hao wawili bila Stills na Young ni maji ya uvuguvugu, hii ndiyo dawa. Bendi iliyowasindikiza ni mafundi wa studio wa Los Angeles, David Lindley, Russ Kunkel, Danny Kortchmar, na James Taylor na Carole King wamepita humo. Carry Me inagusa mama yake Crosby akiwa kitandani anakaribia kufa, inauma. Mwisho kuna kipande cha nyangumi, To the Last Whale, sauti tupu kwanza kama kwaya ya kanisani kisha wimbo wenyewe. Santuri yake ya zamani haina bei ya kutisha.

Namba tano On the Beach ya Neil Young, 1974. Kwa muziki peke yake ingekuwa namba mbili, sibishi, upande wake wa pili ni nyimbo tatu tu na zote hazina haraka. Nimeishusha kwa sababu siyo siri tena na bei imechangamka. Miaka mingi haikuwepo kwenye CD, Young aliizuia hadi 2003, ndipo ikajijengea jina la kitu adimu. Wenzake wapo humo pia, Crosby anapiga gitaa kwenye Revolution Blues ingawa wimbo wenyewe wa mambo ya Charles Manson, yule kiongozi wa kundi la wauaji, ulikuwa unamkosesha amani. Ukiambiwa ni chapa ya kwanza chungulia ndani ya kava, inatakiwa uone maua yamechapwa ndani kule, kama kweupe tupu basi muulize muuzaji maswali.

Stephen Stills ya 1970 naiweka sita, ina Hendrix kwenye wimbo mmoja na Eric Clapton kwenye mwingine, na Love the One You're With unaijua hata kama unadhani huijui. Haijashikana vizuri kama Manassas, ila ukiikuta kwa hela ndogo usiulize mara mbili.

Sasa za kuruka. American Dream ya 1988, wote wanne wamerudi kwa sababu Young alishamuahidi Crosby kwamba akiacha unga watarekodi tena, na Crosby akaacha baada ya kupitia jela ya Texas. Ahadi nzuri, albamu ya hovyo, sauti zile za miaka ya themanini zimeizamisha. Na Long May You Run ya 1976 ya Stills na Young, hii inauma zaidi maana ilikuwa iwe ya wanne. Crosby na Nash walishaingiza sauti zao, wakaondoka kwenda kumalizia albamu yao wenyewe Whistling Down the Wire, wale wawili waliobaki wakazifuta kwenye tepu! Ziara ikaanza, Young akaona haijamkaa, akageuza basi lake akamtumia Stills telegramu akimwambia ale pichi. Sikiliza wimbo wenye jina la albamu mtandaoni, unatosha, hela yako weka.

Kuhusu mtandao, ndiyo, nyingi unaweza kustrimu, ila kumbuka Januari 2022 Young alitoa muziki wake Spotify akilalamikia upotoshaji wa chanjo za korona, wenzake watatu wakamuunga mkono wakatoa za bendi pia. Watu ambao hawasalimiani, wakakubaliana hilo. Za bendi zilirudi baada ya miezi michache, za Young hadi 2024. Mwenye santuri ndani hakujua hata kama kuna mgomo.

Ukiagiza kutoka Ulaya au Marekani, usafiri unaweza kuizidi santuri yenyewe, kwahiyo usiagize moja moja, tafuta muuzaji mwenye tatu au nne za orodha hii abebe mzigo mmoja, na umuulize mapema kuhusu ushuru. Kwa alama za ubora wanazotumia wauzaji, VG+ (imetumika ila nzuri sana) inatosha kwa Manassas na Stills, kwa Crosby panda NM (karibu mpya). Ikifika isimamishe wima, isilale, na isikae ndani ya gari mchana, joto la pwani linapinda santuri kama chapati. Nairobi bado kuna santuri zilizotumika pale Kenyatta Market, ukipita kachungulie, ila nenda na akili ya kupekua.

Na kama unataka moja ya uzeeni, Lighthouse ya Crosby ya 2016 aliyoitengeneza na Michael League wa bendi ya Snarky Puppy, magitaa na sauti tu, ngoma karibu hamna. Ilitoka mwaka ule ule Nash aliomsusa, na sauti ya mzee wa miaka 75 bado iko palepale. Hii CD inatosha.